Barua ya wazi kwa waziri wa michezo wa kaunti yetu: tuletee mchanga

Mheshimiwa Waziri, salaam aleikum.

Sijawahi kukuandikia hadharani. Mara zote nimekuja ofisini mwenyewe, nikaandika jina kwa kile kitabu cha wageni, nikakaa kwa benchi ya korido mpaka adhuhuri nikaambiwa umetoka kikao, nimekuja mara saba. Sasa usinione nimekukosea adabu, ni vile Jumamosi iliyopita imenimaliza.

Jumamosi tulikuwa na mchujo wa wasichana wa mruko mrefu. Mtoto wangu mmoja, namwita wangu kwa sababu namfundisha tangu darasa la sita, ana miaka 16, alikimbia vizuri akakanyaga ubao wa kurukia sawasawa akapaa, wallahi nikajua leo ndio leo. Akatua. Nikasikia mlio. Lile shimo letu halina mchanga Mheshimiwa, ni udongo mwekundu umekauka mpaka umepasuka, juu yake tumemwaga vumbi la mbao tulilopewa bure na seremala, na mvua ikinyesha linaoza. Kifundo kikapinda hapo hapo. Tukampakia kwa bodaboda mimi nyuma nimemkumbatia, mguu unaning'inia, analia lakini kitu anachoniuliza ni kimoja tu, "Mwalimu, nimeruka ngapi?"

Sikuwa na jibu. Waamuzi walizunguka na tepu wameinama, alama haionekani, huyu anasema mita tano na nusu, yule anasema haifiki, mwisho kwa karatasi wakaweka kistari. Mtoto amevunjika mguu na mruko wake hauko popote.

Naomba nikukumbushe Agosti 2021, mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 20 yalipokuja hapa kwetu Kenya, uwanja wa Kasarani, Nairobi. Fainali ya wasichana ya mruko mrefu Maja Åskag wa Sweden alipata mita 6.60 na Shaili Singh wa India 6.59. Sentimita moja! Shaili alikuwa na miaka 17, mama yake ni fundi cherehani aliyewalea watoto peke yake, na alikuwa akifanya mazoezi chini ya Anju Bobby George, yule mama wa Kihindi aliyechukua shaba ya dunia Paris mwaka 2003 kwa mita 6.70. Yaani aliyeruka zamani akamshika mkono anayeruka leo na akawekewa mahali pa kurukia. Na hiyo sentimita moja ilionekana kwa sababu kulikuwa na mchanga, mchanga wenye unyevu kidogo unaopigwa reki kila mtu akisharuka, ukitua unaacha alama, wanapima kutoka ile alama iliyo karibu zaidi na ubao. Hapa kwetu hata mita nzima inapotea.

Mwaka 2023 ulikuja uwanjani kwetu, ulivaa kofia ya bluu, ukasimama mbele ya hao wasichana ukasema kabla mwaka haujaisha shimo litachimbwa upya na mchanga utaletwa. Walikupigia vigelegele. Huyu aliyevunjika ndiye aliyekuvisha lile shada la maua, sijui kama unamkumbuka, yeye anakukumbuka.

Pesa zilienda wapi mimi sijui, naskia mwanakandarasi hakulipwa, wengine wanasema ziliingia kwa jukwaa la wageni maana lile lilipakwa rangi kweli. Mimi nahisi shida ni kwamba tumezoea medali za mbio. Kasarani ile 2021 Kenya iliongoza dunia nzima na dhahabu nane, zote za mbio na matembezi, sasa mtu akija na habari ya kuruka anaonekana analeta mchezo wa watu wengine. Lakini Chioma Ajunwa alikuwa polisi wa Nigeria, akaruka 7.12 Atlanta 1996 akachukua dhahabu ya Olimpiki, na Ese Brume wa Nigeria hiyo hiyo akachukua fedha ya dunia Eugene 2022 kwa 7.02. Hao ni Waafrika kama sisi. Septemba 2025 tuliangalia fainali ya dunia ya Tokyo kwa simu yangu, wasichana kumi na mmoja wamebanana kwa kibanda changu cha viazi karai, Tara Davis-Woodhall wa Marekani aliporuka 7.13 walipiga kelele mpaka wateja wakatoka nje. Kesho yake alfajiri wote walikuwa uwanjani, kwa lile shimo.

Kuna watakaosema mnaishi pwani, mchanga si uko baharini. Tumejaribu. Tunangoja maji yatoke tunakimbilia ufuoni, na pale palipolowa panakuwa pagumu kama sakafu, palipokauka mguu unazama huwezi kukimbia, na maji yakirudi mazoezi yamekwisha. Halafu ubao wa kurukia hakuna, mtoto hajifunzi hatua zake, akienda mashindano ya mkoa anakanyaga mbele ya mstari mara tatu anarudi nyumbani hana hata mruko mmoja. Nimeona hilo miaka minne mfululizo.

Mimi silipwi hata shilingi, na sijaja kuomba mshahara. Reki nilinunua mwenyewe, tepu nilinunua mwenyewe, ya hospitali Jumamosi nimetoa kwa pesa ya unga na mafuta na leo sijafungua kibanda. Mume wangu ananiuliza hii kaunti ina waziri au wewe ndio waziri, na mimi nanyamaza.

Sitaki uwanja wa tartani, sitaki jukwaa. Shimo la upana wa mita 2.75, urefu kama mita nane, lori mbili za mchanga wa mto uliochekechwa, na ubao mmoja wa kurukia uliofungwa vizuri usiwe na misumari imetokeza. Kuchimba tutachimba sisi wenyewe, wazazi wameshakubali, majembe tunayo. Lori mbili Mheshimiwa. Kwa yale majengo yanayojengwa mjini naziona zinapita mbele ya kibanda changu kila asubuhi.

Mtoto atatolewa plasta baada ya wiki sita. Jana nilimpelekea uji, akaniuliza akipona atarukia wapi. Nimemwambia nimekuandikia. Tafadhali baba, mchanga uletwe kabla ya hizo wiki sita kuisha.

Mimi mwalimu wa kujitolea, mama viazi karai wa uwanjani.