Shoga, anza na lile jiko

Uyole, Mbeya
Julai

Shoga yangu mpendwa,

Kamwene! Habari za Njombe na baridi yake? Huku Uyole nako asubuhi tunatoka na sweta juu ya sweta, ingawa najua hatuwafikii nyie. Juzi simu ilikuwa inakatika, nikaona bora nikae nikuandikie, maana uliyonieleza hayatoshi kujibiwa kwa "pole" tu.

Nimekuelewa kuhusu yule mzee mnayekaa naye chumba kimoja pale ofisini. Anakata kucha mezani. Anafungulia ujumbe wa sauti mpaka walio dirisha la pili wanajua nani kwao anadaiwa. Anajumlisha hesabu kwa sauti. Anafunua hotipoti yako kuangalia umepika nini. Halafu mwishoni, simu ikiwa karibu kukatika, ukasema mwezi huu ameanza kuingiza jiko la mkaa, anafunga madirisha na mlango, na ikifika saa nane mchana kichwa kinakugonga mpaka unataka kutapika.

Tangu siku ile hilo la jiko halijanitoka kichwani. Hayo mengine ni kero. Hilo ni hatari, usiliweke fungu moja na kucha.

Mkaa ukiungua mahali hewa haizunguki hutoa kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, haiwashi macho kama moshi wa kuni, kwa hiyo mtu anaivuta bila kujua. Ikiingia kwenye damu inakaa mahali pa oksijeni, mwili unaanza kukosa hewa na huku unapumua kama kawaida. Dalili zake ndizo hizo ulizonitajia: kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi usio na sababu. Kwetu watu wengi wanaamini makaa yakishakolea na moshi ukaisha, jiko liko tayari kuingizwa ndani. Si kweli. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanaitoa, na ndiyo hayo hayo yanayowamaliza watu waliolala na jiko chumbani kwa ajili ya baridi.

Jichunguze. Kama ukitoka nje kichwa kinapungua, na Jumapili hakiumi kabisa, usijidanganye kwamba ni uchovu. Nenda hospitali, na ukifika waambie wazi kwamba unashinda chumba kimoja na jiko la mkaa. Ukisema kichwa kinauma tu watakupa dawa ya maumivu, kesho yake urudi pale pale.

Uliniuliza kama uanzie kwa bosi. Mimi nasema anza na mzee mwenyewe, tena kesho, usingoje wiki iishe. Naye anavuta hewa ile ile, na kwa umri wake namwogopea kuliko wewe. Halafu unawajua wazee wetu: akisikia ameshitakiwa na binti anayelingana na mwanawe, hata neno la kweli atalikataa ili alinde heshima yake. Mwahi asubuhi kabla hajawasha. Mpe shikamoo yake, mwite baba kama unavyomwita siku zote, na wale wenzenu wanaomcheka wasiwepo. Mwambie, "Baba, nina shida, naomba unisikilize. Hili jiko linaniumiza kichwa, na hewa yake inaua bila kunuka. Nakuogopea na wewe." Ishia hapo. Usichomeke kucha wala simu. Ukimsomea makosa yote kwa mpigo atakachosikia ni kwamba humtaki, na jiko litabaki ndani.

Ila usiende mikono mitupu, maana yule mzee anasikia baridi kweli, hafanyi makusudi. Jiko likae barazani lichemshe maji, chai iingie ndani kwenye chupa. Meza yake isogezwe upande unaopata jua la asubuhi. Mtafutie shuka zito la kujifunika magotini. Akikataa yote hayo, siku hiyo hiyo nenda kwa bosi, wala usione haya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya watu wake, kwa hiyo hutakuwa umekwenda kuomba fadhila.

Sasa hotipoti. Hapa najua linavyokuuma, kwa sababu kwetu chakula hakina mwenyewe. Ukifungua lazima useme karibu, na asiyesema anaitwa mchoyo. Ndiyo maana mtu anafunuliwa chakula chake mwaka mzima na kukaa kimya. Pale dukani kwetu tunapouza mbegu na mbolea kuna kaka alikuwa na tabia hiyo: anafunua, ananusa, anachovya kidole kwenye mchuzi. Nikamwita pembeni nikamwambia, "Kaka, chakula changu nitakukaribisha kila siku, lakini nifungue mimi." Nikaanza kuja na kisahani, namtengea ndizi zake na maharage kabla sijala. Alininunia siku kadhaa, kisha akazoea. Za wenzangu bado anazifunua, kwa kuwa wao wanamnung'unikia akishatoka. Jaribu hivyo, ila jiko likishatoka ndani.

Ya simu utamwomba siku nyingine mkiwa mnacheka. Kucha pia, muda wake utafika. Kujumlisha kwa sauti nakuomba umwachie. Mtu aliyeshika vitabu vya hesabu miaka yote hiyo ana namna yake ya kuepuka kukosea, na wewe hakikupunguzii kitu.

Lililoniumiza zaidi ni lile kundi la WhatsApp, wanamorekodi anavyokohoa na kumwiga anavyohesabu. Mtu anachekwa na ofisi nzima na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba jiko lake linaweza kumuua. Toka kwenye lile kundi, shoga. Wakikuuliza sababu, waambie hiyo hiyo.

Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, pamoja na kifurushi cha chai ya Rungwe. Nusu yako, nusu umpelekee mzee. Ukishaongea naye nipigie, hata usiku. Na kichwa kikianza tena kabla hujaongea naye, toka nje kwanza, kazi utaikuta.

Msalimie mama na watoto.

Ni mimi shoga yako,
Bupe