Shoga, cherehani iache kwanza

Uyole, Mbeya

Shoga yangu, kamwene! Baridi ya huko Makambako inasemaje? Huku kwetu asubuhi vidole vinaganda kabisa, uzi haupiti tunduni, nasubiri jua lichomoze ndo nashika sindano.

Nimeona meseji yako eti unataka kukopa kikoba ununue cherehani. Nakuomba usikope bado. Kupunguza sketi, kubadili zipu, kushona foronya, vyote hivyo mkono unaweza, ukishona ule mshono wa kurudi nyuma haufumuki ovyo. Ila mkono unataka mkasi wa maana na uzi wa maana, hela yako itoe hapo. Mwaka juzi mimi nilinunua kile kiboksi chenye kila kitu ndani, nyuzi rangi kibao, tepu, mkasi, nikajua nimemaliza, kumbe mkasi wenyewe unatafuna kitambaa haukati, kitenge alichonipa mama ukingo wote ukawa nyuzinyuzi, nililia shoga.

Kwahiyo we nenda dukani na kipande cha kitambaa kwenye pochi, muombe muuzaji ujaribu palepale na ukate mpaka ncha ya mkasi, maana mkasi mbovu katikati unakata vizuri tu, ukifika nchani unakunja. Ukishaupata ufiche, watoto wasikatie karatasi, karatasi inamaliza makali. Uzi nao shika kipande kwa mikono miwili uvute, ukikatika kirahisi mrudishie. Tepu ya kupimia ya sentimita 150 si ghali, ila za plastiki zinavutika, ilinganishe na rula ya mtoto kabla hujaiamini.

Vingine mbona unavyo nyumbani! Kile kipande cha sabuni kinachobaki bafuni kiache kikauke mpaka kiwe chembamba kama ukucha, kinachora mstari mweupe safi kwenye kitambaa cheusi na ukifua unatoka, mi chaki nilishaacha kununua. Pateni, yaani kile kielelezo cha kukatia nguo, kikate kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, ikung'ute vumbi kwanza. Vifungo natoa kwenye mitumba pale sokoni Mwanjelwa, shati limechanika mgongoni wanakuachia kwa bei ya kutupa afu vifungo vyote vizima. Na mshono wa cherehani usifumue na wembe jamani, wembe ukiteleza umetoboa nguo, chukua kimkasi cha kucha, kata mshono mmoja ruka mitatu minne, halafu geuza uvute uzi wa upande wa pili, unatoka mrefu wenyewe.

Kitenge kipya kiloweke ukianike kabla hujakata, kinarudi kile.

Ijumaa mdogo wangu anapanda basi la Njombe, nimempa sindano za mkono na uzi mweusi ule mgumu, atakuachia hapo stendi. Anza na sketi ya shule ya mtoto, nitumie picha ya pindo, upande wa ndani ndo nataka kuuona.

Ni mimi shoga yako