Mkishirikiana programu za magari ya umeme, tushirikisheni na sisi mafundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na kampuni za magari, na zaidi na wale wanaotunga sheria za vyombo vya moto, kuhusu jambo linalopita kama habari ya biashara kumbe linatugusa sisi tunaoshika waya kila siku. Mimi ni fundi umeme wa magari. Nilianzia kwenye magari ya kabureta, na siku hizi naletewa magari ambayo hayana hata tangi la mafuta.

Kila tukikaa tunasikia kampuni mbili au tatu za magari zimekubaliana kutumia programu moja kwenye magari yao ya umeme. Ubia uliovuma kuliko yote ni wa Volkswagen na Rivian ya Marekani. Novemba 2024 walianzisha kampuni ya pamoja, na Volkswagen ikaahidi kuweka hadi Dola bilioni 5.8 kwenye Rivian na kampuni hiyo ya pamoja. Volkswagen hiyohiyo ina makubaliano mengine na XPeng, kampuni ya magari ya umeme ya China, kwa ajili ya magari ya soko la huko. Mwaka huohuo wa 2024 Honda na Nissan nao walikubaliana kufanya utafiti wa pamoja wa programu za magari. Juni 2025 kampuni 11, zikiwamo BMW, Mercedes-Benz, Volkswagen na Bosch, zilitia saini makubaliano ya kujenga pamoja programu ya msingi ambayo msimbo wake utakuwa wazi kwa yeyote kuusoma na kuutumia.

Mimi naunga mkono, na nina sababu zangu za kifundi. Gari la kisasa limejaa kompyuta ndogondogo. Moja ya milango, moja ya breki, moja ya viti, nyingine ya taa, na mara nyingi kila moja imetoka kwa mtengenezaji wake wa vipuri ikiwa na programu yake. Zote zinaunganishwa kwa waya. Maji yakiingia chini ya zulia, soketi moja ikaota ule ukungu wa kijani, gari linaanza kuwasha taa za hitilafu ambazo hazihusiani kabisa na mahali palipoharibika. Unavua viti, unavua zulia, unafuata waya mmoja mmoja kwa vidole. Rivian, kwenye toleo la pili la magari yake ya R1 la mwaka 2024, ilipunguza kompyuta ilizobuni yenyewe kutoka 17 hadi 7 na kuondoa waya wa karibu kilomita 2.6. Fundi akisikia hivyo anafurahi, maana kila soketi iliyoondolewa ni sehemu moja pungufu ya kupata kutu.

Na kwa Volkswagen kumwendea mwenzake, naona wamefanya la maana. Walikuwa na kampuni yao ya programu, Cariad, na Porsche Macan ya umeme pamoja na Audi Q6 e-tron zilichelewa kutoka kwa sababu programu haikuwa tayari. Kujua kuunda bodi, giaboksi na breki kwa miaka mingi hakumfanyi mtu ajue kuandika programu. Aliyekwama akiomba msaada, sina la kumlaumu.

Shida yangu inaanzia pale gari linapoharibika.

Wasomaji wengi hawajui kwamba kazi yetu iliokolewa na ushirikiano wa aina hii hii. Kuanzia magari ya mwaka 1996, Marekani ililazimisha kila gari dogo linalouzwa huko liwe na tundu moja la kupimia, lenye pini 16, karibu na usukani. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na soketi yake na mashine yake, na gharama ya kuzinunua zote ilikuwa haibebeki. Nchi nyingine zikafuata. Leo nikichomeka mashine yangu ikaandika P0301, najua silinda ya kwanza haichomi sawasawa, liwe gari la Japani, la Ujerumani au la Korea. Kwa mashine moja fundi anaendesha maisha yake.

Lakini sheria ile iliwekwa kwa ajili ya moshi. Gari la umeme halitoi moshi, kwa hiyo sehemu nyingi halikubanwa. Nachomeka mashine ileile kwenye gari la umeme, ama inakaa kimya, ama inanipa volti za ile betri ndogo ya volti 12 na basi. Betri kubwa iliyo chini ya sakafu, ambayo ndiyo roho na ndiyo bei ya gari, haisemi nami chochote. Mteja ananiuliza kama betri yake bado nzima, na mimi sina jibu la kumpa.

Niliwahi kuletewa gari la umeme lililogongwa mbele, upande mmoja. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: bampa, na taa kubwa moja. Mteja alinunua taa mpya halisi, nikaifunga, soketi ikaingia vizuri, umeme nikaupima upo. Taa haikuwaka. Kompyuta ya gari ilikuwa haijaitambua, na kuitambulisha kunahitaji ruhusa inayotoka kwenye seva ya kampuni kwa njia ya intaneti. Nikampigia wakala. Akaniambia programu ya sehemu ile ni ya kampuni mshirika, niwaulize wao. Nikawaandikia washirika, wakajibu kwamba wao hawahudumii wateja wa magari, nirudi kwa mwenye chapa. Kila mmoja ananitupia kwa mwenzake, na mwenye gari amesimama pembeni ananitazama mimi. Mwishowe gari lilibebwa juu ya gari jingine likapelekwa karakana ya wakala, mtu akafungua kompyuta yake, na baada ya dakika chache taa ikawaka. Mteja alilipa kulibeba na alilipa ile ruhusa. Anaamini mpaka leo kwamba mimi ndiye nilishindwa kufunga taa.

Hapo ndipo ninapoogopa ubia wa programu. Gari lenye mwenye chapa mmoja tayari linatusumbua. Likiwa na wawili au watatu, nani anawajibika? Na ubia nao huvunjika. Honda na Nissan walikwenda mbali wakaanza mazungumzo ya kuungana kabisa, yakavunjika Februari 2025. Walisema ushirikiano wao wa teknolojia ungeendelea, nami nawatakia heri, lakini mwenye gari hawezi kuendesha kwa kutegemea maelewano ya mabosi. Fisker, kampuni ya magari ya umeme ya Marekani, iliomba kufilisika Juni 2024, ikawaacha maelfu ya wenye magari ya Ocean wakihangaika kuhusu masasisho na vipuri, hadi wakalazimika kuunda umoja wao. Magari yalikuwa mazima. Aliyetakiwa kuyahudumia ndiye hakuwapo.

Najua jibu la kampuni: usalama. Sibishani nalo. Mwaka 2015 watafiti wawili waliingia kwenye Jeep Cherokee kwa mtandao wakiwa mbali nayo, na magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Gari la umeme pia lina volti mia kadhaa, na asiyefundishwa hafai kuligusa. Basi tufundisheni, tusajilini, kila ruhusa iandikwe jina la fundi aliyeitumia. Kusoma hitilafu ni jambo moja, na kubadili namna breki inavyofanya kazi ni jambo jingine kabisa. Mlango wa kwanza ukifunguliwa, wa pili unaweza kubaki umefungwa.

Tena hakuna ninachoomba ambacho hakijawahi kufanyika mahali. Jimbo la California liliagiza mwaka 2022 kwamba kuanzia magari ya mwaka 2026, gari la umeme lionyeshe hali ya afya ya betri yake na litoe taarifa za hitilafu kwa mfumo mmoja unaoeleweka. Wapiga kura wa Massachusetts walipitisha mwaka 2020 kwamba taarifa ambazo gari linatuma kwa mtandao zimfikie mwenye gari na fundi anayemtaka. Kanuni za Umoja wa Mataifa namba 155 na 156 zinamfanya mtengenezaji anayeomba kibali cha gari awajibike kwa usalama wa programu na masasisho yake, hata kama programu imeandikwa na mtu mwingine. Ikiwa sheria imeweza kumpata wa kujibu kwenye udukuzi, imshike huyohuyo kwenye matengenezo.

Kwa hiyo ombi langu kwa watunga sheria ni hili. Kampuni zinapoleta gari lenye programu ya ubia liidhinishwe, zioneshe kwanza mambo haya: namba za hitilafu zinazofanana kwa chapa zote zilizomo kwenye ubia, zinazosomeka kwa mashine ya kawaida, jina la kampuni moja itakayojibu simu ya fundi, na dhamana ya maandishi kwamba ubia ukivunjika, au mmoja wao akifilisika, funguo za programu na seva za kutambulisha vipuri zitakabidhiwa kwa chombo kitakachoendelea kuhudumia magari yaliyoko barabarani. Kama programu ni moja, kuandika orodha moja ya namba za hitilafu hakuwezi kuwa kazi ngumu kwao. Dhamana ndiyo watakayoipinga, na ndiyo ninayoomba isiachwe.

Fundi umeme wa magari,
msomaji wako