Barua kwa mwanangu: Mkuranga usiende

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Dada yako kaniambia Jumamosi unapanda gari la Mkuranga pale Rangi Tatu, ukafunguliwe kitabu ujue kwa nini jina lako halikutoka kwenye ile ajira. Usiende, baba. Anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi masiku 40. Hadithi hiyo ameipokea Imamu Muslim. Na huyo mzee atakupa nini? Atakutajia mtu, na aghalabu huwa shangazi au jirani, urudi na chuki ndani ya nyumba.

Istikhara nayo, sala ya kumwomba Mungu akuchagulie lenye kheri, si ya kuulizia yaliyopita. Isalie hiyo kazi ya duka la Kariakoo uliyoitiwa. Rakaa mbili zisizo za faradhi, wala si baada ya Alfajiri mpaka jua lipande, au baada ya Alasiri mpaka lizame. Ukishatoa salamu soma ile dua aliyoipokea sahaba Jabir kwa Mtume, na ukifika "jambo hili" litaje lenyewe. Kisha inuka, nenda kaonane na mwenye duka. Likiwa jepesi endelea, likizuilika liache. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanalala wakingoja ndoto, na ndoto haimo kabisa kwenye hadithi hiyo. Wengine moyo umeshaamua, wanataka muhuri tu. Mwisho wa dua unaomba ukadiriwe kheri popote ilipo, kisha uridhishwe nayo. Hilo la kuridhishwa wewe unalipita mbio.

Lililokwisha kupita lina maneno yake: Qaddarallahu wa maa shaa'a fa'al, yaani Mungu amekadiria, na alitakalo hulifanya. Ukianza "laiti ningefanya vile", umemfungulia shetani kazi.

Wewe uliyehifadhi sura ya Al-Kahf kabla ya wenzio wote wa chuoni, leo wa kukusomea awe mzee wa Mkuranga! Rudi aya ya 71, kisha 79. Jahazi linatobolewa na Khidhri, yule mja mwema aliyefuatwa na Musa, kumbe mbele yuko mfalme anayepora kila jahazi zima. Musa alielezwa sababu, tena wakati wa kuachana. Wenye jahazi, maskini wa watu wanaohangaika baharini, sura haisemi kama walielezwa. Wao waliona tundu tu. Basi nawe ziba lako: vyeti vyako bado havijathibitishwa, nimekusemea hilo tangu kabla ya Ramadhani.

Kulia lia. Nabii Yaaqub alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yakawa meupe, na mashitaka yake akayapeleka kwa Mola. Hakwenda kutazamia.

Umeme uliobaki haufiki Ijumaa, ninunulie LUKU. Mdogo wako viatu vya shule vimefunguka soli, namba 38. Na koki ya tangi la juu inavuja pale ilipoungwa na bomba. Fundi kasema inataka kuzungushiwa ile tepu nyeupe upya, si kuikaza, ukiikaza plastiki inapasuka. Njoo Jumamosi hiyohiyo asubuhi, kabla tangi halijajazwa. Nauli ya Mkuranga nunulia tepu.

Mama yako