Alps hazianzii Mont Blanc

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu makala ya milima ya Alps mliyoichapa majuzi. Nafundisha jiografia, kwa hiyo niliisoma yote kwa hamu. Ramani yake ndiyo iliyonisikitisha: kutoka bonde la mto Rhône imerukia moja kwa moja Mont Blanc, kilele kirefu kuliko vyote vya Alps, kana kwamba katikati hakuna kitu.

Katikati kuna Prealps, yaani safu za milima zinazotangulia Alps kuu. Ukishuka kusini upande wa Ufaransa utapita Bauges, Chartreuse, kisha Vercors. Wala si vilima: Chamechaude, kilele kirefu kuliko vyote Chartreuse, kina mita 2,082, na Grand Veymont ya Vercors mita 2,341.

Wanafunzi wakiniuliza Prealps zinatofautianaje na safu kuu, siwajibu kwa kimo peke yake. Nawaambia wajiweke mjini Grenoble. Mashariki ipo Belledonne, sehemu ya safu kuu, ya miamba mikongwe na migumu. Kaskazini ipo Chartreuse, magenge meupe ya chokaa, mashapo ya bahari ya kale yaliyosukumwa yakakunjamana. Bonde la Grésivaudan limezitenganisha. Mto Isère huteremka humo, ukifika Grenoble unapinda na kupenya kati ya Chartreuse na Vercors. Mpaka wa wazi namna hiyo, ramani inauachaje?

Halafu kuna habari ya maji. Pepo za mvua kutoka Atlantiki hukutana na Prealps kwanza, lakini juu kwenye uwanda wa Vercors mito ni adimu, kwa kuwa mvua huzama kwenye nyufa za chokaa na kuibukia mabondeni kama chemchemi. Maji hayo ndiyo yaliyochimba pango la Gouffre Berger, ambamo mwaka 1956 binadamu walivuka kina cha mita 1,000 ndani ya pango kwa mara ya kwanza duniani. Chokaa ikikalia tabaka laini, hatari yake ni kubwa: mwaka 1248 ubavu wa Mont Granier, huko huko Chartreuse, uliporomoka usiku ukafukia vijiji na watu wake.

Ombi langu, mkirudia mada hii chapeni mchoro wa mkato kutoka Rhône hadi Mont Blanc, wenye majina ya safu zote na aina za miamba yake. Nitaubandika darasani siku hiyo hiyo.

Mwalimu wa Jiografia, Sekondari