"Cousin" wa Shakespeare si binamu kila mara

Mhariri,

Shule na vikundi vya maigizo vinavyotafsiri tamthilia za Shakespeare vina mazoea ya kuandika "binamu" kila vinapokutana na neno "cousin". Kwa Kiingereza cha leo si kosa. Kwa Kiingereza cha miaka 400 iliyopita, mtazamaji anapotezwa ukoo mzima.

Asili zenyewe zimepishana. Binamu ni mwana wa ami, kutoka Kiarabu. "Cousin" limepitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini la mtoto wa mama mdogo au mama mkubwa. Kufikia zama za Shakespeare lilikwishapanuka hadi kumbeba karibu jamaa yeyote. Katika Romeo and Juliet, mama yake Juliet anamlilia Tybalt "cousin" wangu, na papo hapo anafafanua: mtoto wa kaka yangu! Katika Richard III, bibi anawaita hivyo wajukuu zake. Ukiweka binamu, bibi amekuwa rika lao. Katika As You Like It, Frederick anamfukuza Rosalind. Rosalind anashtuka: "Mimi, ami?" Anajibiwa: "Wewe, cousin." Hapo "mtoto wa kaka" panatosha, na ubaridi wake unafaa.

Lipo pia la cheo. Henry V, mfalme wa Uingereza, anamwita hivyo Katharine, binti wa mfalme wa Ufaransa anayetaka kumwoa. Mtazamaji wa pwani, anayejua ndoa za mabinamu, ataamini baba zao ni ndugu. Andika "binti mfalme". Na "coz", kifupi chake, aghalabu ni la mapenzi: Celia, binti wa Frederick, anapombembeleza Rosalind, "ndugu yangu" linatosha ingawa hao ni mabinamu kweli.

Binamu lina mahali pake. Mfalme Richard II anapomnyooshea taji Bolingbroke anayempindua, kila mmoja akalishika upande wake, baba zao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Hapo liandikwe bila wasiwasi.

Pagumu kuliko pote ni Hamlet. Mfalme Claudius amemwoa mjane wa kaka yake, mama yake Hamlet, kisha mbele ya baraza anamwita Hamlet "cousin" wangu na mwanangu. Kwa Mwingereza wa wakati ule maneno hayo yalichoma, maana kanisa lilikataza kumwoa mke wa marehemu kaka. Kwetu baba mdogo kumwita mtoto wa kaka yake "mwanangu" ni jambo la kila siku, na kurithi mjane kunajulikana. Tafsiri ya neno kwa neno inamfanya Hamlet aonekane mkorofi anayemnunia mzee bure. Ningemfanya Claudius adai zaidi ya haki yake: "Na wewe Hamlet, mtoto wa kaka, sasa mwanangu wa kumzaa." Ndipo mnong'ono wa Hamlet unapata pa kushika: "Ukoo umezidi, utu umepungua." Mchezo wa sauti wa Kiingereza, "kin" na "kind", haupatikani wote, lakini mwiba unabaki.

Kabla ya kutafsiri mstari wa kwanza, chora mti wa ukoo wa tamthilia nzima kwenye karatasi moja. Kisha kila penye "cousin" andika pembeni nani anasema, anamwambia nani, na kama ni damu, cheo au mapenzi. Wanaoruka hatua hii hugundua kosa siku ya mazoezi, waigizaji wakiwa wamekwisha kariri.

Hata mti hausaidii kila mahali. Katika Twelfth Night, Olivia anamwita Sir Toby "cousin", naye Toby anamwita Olivia "niece", neno la Kiingereza lisilosema kama ni mtoto wa kaka au wa dada. Tamthilia haielezi kama undugu wao ni wa kuumeni au wa kukeni, na Kiswahili kinalazimisha kuchagua. Mimi ningechagua mjomba. Ami husimama mahali pa baba na neno lake huheshimiwa. Mjomba, katika koo nyingi, ana utani na wapwa zake. Toby anayeingia amelewa mapema hivyo, akakemewa na Olivia, ni mjomba.

Mfasiri wa tamthilia,
Dar es Salaam