Nilikusingizia, shoga yangu

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Rehema,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, ila mama mguu bado unamsumbua, Hemedi kaanza kuota ndevu, na umeme ndio ule ule. Miezi minne sijakuandikia, na najua unajua kwa nini. Mama Zuberi hana kifua, lazima alikufikishia. Basi ndiyo, nilisema. Nilisema umeniuzia kompyuta mbovu ukakimbilia Mwanza. Leo nakuandikia kwa aibu, maana ubovu nimeukuta juzi, na ulitoka humu humu nyumbani kwangu.

Unaikumbuka ile programu ya ripoti za wanafunzi? Mwezi wa sita ikaomba isasishwe, nikakubali. Tangu siku hiyo inafunguka vizuri, naingiza alama za darasa zima, nikibonyeza kuchapa tu, pa! imetoweka. Haisemi neno. Ripoti 212 za Mwalimu Kiza, na shule inafunga Ijumaa! Nilizipiga moja moja kwenye Word mpaka saa nane usiku, na kila ukurasa nilikutaja jina, wala si kwa dua.

Nikamwita fundi, akasema RAM imekufa. Nikanunua nyingine, shilingi 45,000. Hali ile ile. Akasema basi tupige Windows upya. Hapo nikagoma, kazi zangu zote zimo humo, na ile diski ya akiba uliyonisisitiza ninunue... tuyaache hayo.

Juzi umeme upo, wateja hakuna, nikasema leo ama zangu ama zake. Nikafungua kile kidirisha cheusi, nikaandika sfc /scannow, ile amri ya kukagua mafaili ya Windows, kama ulivyonifundisha, nikaenda kunywa chai. Kurudi, asilimia 100, mafaili ya mfumo yote mazima. Nikakulaani tena kidogo, unisamehe. Ndipo nikakumbuka lile daftari la matukio, linaloandika programu gani imekufa na ilikufia wapi. Alama nyekundu zimejipanga, zote tukio namba 1000. Nikafungua moja: jina la programu, chini yake msvcp140.dll, faili ambalo programu nyingi huliazima ili zifanye kazi, kisha namba ya kosa 0xc0000005, yaani imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa. Nusura niishie hapo. Chini zaidi pameandikwa faili lenyewe linakaa wapi, na halikuwa System32, folda ya Windows yenyewe, shoga. Lilikuwa ndani ya folda ya ile programu.

Nikamwita Hemedi. "Siku ile programu ilipogoma kufunguka, ikidai faili hili halipo, ulifanyaje?" Akajikuna kichwa. Kumbe alilipakua kwenye tovuti fulani ya ovyo, akalibandika mle, mambo yakaenda. Na mimi nikampa hela ya chipsi!

Nikayalinganisha. La Hemedi ni toleo 14.16, la enzi za Visual Studio 2017, kile chombo cha Microsoft cha kutengenezea programu. La System32 ni 14.40, la mwaka 2024, bila shaka liliingia na ule usasishaji. Jina halijabadilika tangu 2015, ukitazama kwa macho ni pacha. Programu mpya imetengenezwa ifanye kazi na lile jipya, lakini ikiwaka inatafuta kwanza kwenye folda yake, inalikuta hili kongwe, inalichukua. Ikifika kwenye kuchapa, hawaelewani, inaanguka. Na sfc ilipita kimya kwa sababu inalinda mafaili ya Windows tu, la Hemedi halimhusu.

Kulifuta niliogopa. Nikalibadilisha jina, nikaliita msvcp140.hemedi. Nikafungua programu, nikaingiza alama mbili tatu za uongo, nikabonyeza kuchapa nimefumba macho. Printa ikanguruma! Baadaye nikapakua vc_redist, kile kifurushi chenye mafaili halali ya aina hiyo, kwa Microsoft wenyewe, ya x64 (programu za biti 64) na ya x86 (za biti 32), nikaziweka zote mbili. Dakika kumi, Rehema. Miezi minne ya kukusema, na 45,000 yangu, kumbe ni dakika kumi.

Mama Zuberi nimeshamweleza. Anadai yeye hajawahi kukwambia kitu. Sawa.

Sasa nijibu. Ile kompyuta uliyomwachia Mwalimu Kiza, Hemedi naye aliwahi kuishika: nikaikague, au niache mpaka ilie yenyewe? Hilo faili nililolibadilisha jina nilifute kabisa? RAM ya zamani naona ni nzima, niirudishe ikae na mpya, au zitagombana? Na wewe huko, kazi ile ulipata? Mtoto kashaanza shule? Desemba mnakuja? Ukija niletee dagaa, nitalipa, hata ukinitoza na faini.

Umenikasirikia sana, au kiasi?

Wako,
Mwanaidi